Mke Mdogo wa Mlinzi wa Lango

Wakesho alikuwa kibarazani akichambua maharagwe mumewe, Nehemiah, aliporudi kazini pamoja na bwawa. Ilikuwa jioni ya Alhamisi, mwaka wa sabini na nne. Nehemiah alikuwa mlinzi wa lango la bwawa jipya juu ya Njukini, na ufunguo wa lango aliuvaa shingoni kwa uzi. Bwawa liliinama kidogo mlangoni, likaingia, likaketi kwenye kiti cha wageni. Halikuja lote. Sehemu kubwa ilibaki kazini.

"Mama Obadiah, mkaribishe," alisema Nehemiah.

Obadiah alikuwa shule ya bweni, kwa hiyo Wakesho alisonga ugali wa watu watatu. Siku nyingi alikuwa ameona kwamba mumewe anaoga kabla ya kwenda kazini, si baada ya kurudi, na mwanamke mwenye akili hahitaji kuambiwa zaidi. Alishikwa na wivu hadi mwiko ukamponyoka. Mke mwenza wa kawaida unaweza kumsema kwa majirani ukapumua. Huyu majirani walimsifu: ameleta zahanati, ameleta malori, ameleta vitunguu vinavyopanda treni hadi Voi. Hata Alice wa nyumba ya pili, ambaye hakuwahi kumsifu mtu, alisema bwawa lina sura nzuri jua likizama.

Mchungaji alipopata habari, alimzuia Nehemiah kushiriki meza ya Bwana kwa kosa la kuoa mke wa pili. Kuhusu lango hakuuliza.

Aliyeuliza ni Wakesho. Mamake, Mkamburi, alikuwa na migomba kule chini ya bwawa, na Alhamisi ilikuwa zamu yake ya mfereji tangu kabla ya Wakesho kuzaliwa. Sasa Alhamisi saba zilikuwa zimepita na mfereji ni mkavu.

"Fungua saa moja tu, Baba Obadiah. Migomba ya mama inakufa."

"Maji ni ya mradi."

"Mimi naona ni yako. Si unalala nayo?"

Nehemiah aliona aibu, lakini ufunguo hakuuvua. "Nikifungua, litapungua," alisema, kwa sauti ile ile ya upole aliyoitumia zamani alipokuwa akimchumbia Wakesho. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

Kesho yake Wakesho akashika haki yake. Mke mdogo humtekea mkubwa maji mwaka mzima, ndiyo desturi, na bwawa halikubisha. Kila asubuhi debe lilikuwa mlangoni, limejaa, limefunikwa kwa majani yasimwagike maji. Bwawa lilikuwa na heshima kuliko mawifi zake wote. Wakesho alitamani liwe na kiburi, angalau apate la kusema.

"Basi mpelekee mama yangu," aliliambia. "Pitia mferejini."

Bwawa likatoka mara hiyo. Saa sita mchana likarudi. Lilikuwa limefika langoni, Nehemiah akaliambia lirudi nyumbani, likatii. Mume ndiye aliyelileta.

Wakesho akajitwika debe mwenyewe, akatembea saa moja na nusu. Shamba la mamake lilikuwa limenyauka lote. Mkamburi akachagua mgomba mmoja uliokuwa na uhai kidogo, wakaumwagia.

"Nani ameteka?" aliuliza Mkamburi.

"Mke mwenzangu."

"Ana adabu."

"Anayo, mama. Namchukia."

"Msalimie."

Tangu siku hiyo Wakesho alipeleka debe moja kila siku, na mgomba ule mmoja ukazaa mkungu mnene. Wanawake wengine wa mfereji ule, ambao mashamba yao yalikuwa yamekufa kabisa, wakaja kuutazama. Walihesabu vichana, wakapata kumi na kimoja, wakaondoka bila kumuaga Mkamburi.