Rimoti Iliyofundishwa Kusalimu

Saa kumi na mbili jioni Leonard alisimama sebuleni kwake Mandewa, akabonyeza rimoti mara tisa. Taa hazikuwaka. Mara ya kumi pazia lilisogea kidogo, likarudi.

"Mama Severina, washa kwa mkono," alisema bila kugeuka.

Severina, mfanyakazi wake wa ndani, aliwasha. Yeye alikuwa na miaka sitini na mitatu, Leonard thelathini na minne. Rimoti ikishindwa, Severina ndiye aliyewasha taa, kufungua geti na kuzima pampu ya maji. Leonard alikuwa amemwambia wazi kwamba siku mitambo ya nyumba ikisikilizana, kazi yake itakwisha na atarudi kwao Sepuka.

Jumamosi fundi Gasto aliitwa tena. Alikagua rimoti, kisha kile kiboksi cheupe cha ukutani kinachopokea mawimbi yake na kuyasukuma mpaka getini. Betri ilikuwa nzima, mawimbi yamejaa.

"Amri inafika, bosi," alisema. "Ila haijibiwi."

"Ijibiweje?" kiboksi kilisema kwa lafudhi ya Ikungi. "Mimi nimekaa dukani miaka miwili. Hako katoto kametoka kiwandani juzi, kananiambia washa, zima, washa, zima. Hata shikamoo hakuna."

Gasto aliandika kwenye daftari: Kasoro ni salamu. Akaomba rimoti ifundishwe, maana alikuwa na kazi nyingine Nduguti.

Severina aliingia jikoni, akapiga magoti kando ya gunia la vitunguu. Alimwambia Mungu kwamba akiifundisha rimoti atakosa kazi, na asipoifundisha atakuwa ameacha mtoto akue bila adabu. Alisema amina, akaipakata.

"Sema shikamoo."

"Washa," ilisema rimoti.

"Nitakufinya, wewe! Sema."

"Shi... shikamoo."

"Marahaba!" kiboksi kilidakia kutoka sebuleni, na taa zote zikawaka.

Baada ya hapo nyumba haikushikika. Feni iliamkia friji. Runinga iliamkia pasi ya mkaa iliyokuwa stoo tangu enzi za babu, na pasi ikaitikia mpaka ikapata moto bila mkaa. Pampu ilicheka, ikajaza tangi, ikamwogesha na jogoo wa jirani. Geti lilifunguka na kujifunga kwa furaha mara kumi na saba. Klara, muuza mafuta ya alizeti, alikuwa akipita.

"Hii nyumba imelelewa," alisema, akaendelea na safari yake.

Jumapili baada ya ibada Leonard aliita marafiki. Alibonyeza rimoti mara hamsini, ikaamkia mara hamsini, ikajibiwa mara hamsini. Marafiki walipiga makofi.

"Oneni adabu hiyo," alisema, machozi yakimlengalenga. "Watu wa siku hizi hawana kabisa." Kisha akaelekeza uso jikoni. "Mama Severina, kesho unaweza kwenda. Lete chai kwanza."

Jumatatu asubuhi Severina alitoka na begi lake. Geti lilikuwa na umri wa miezi mitano. Lilifunguka polepole ili lisimguse.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mungu akukuze."

Alisimama kidogo, akaweka kiganja juu ya chuma chake na kuliombea. Nyuma yake, ndani ya gari, Leonard alipiga honi.