Mikoko Elfu Tatu Mchangani

Umi alikuwa ametia mkono mpaka kwapani ndani ya shimo la kaa, Hadil, mwenzake wa kikundi, alipompigia ukelele kutoka ukingoni mwa hori, ule mkono wa bahari ulioingia kati ya mikoko.

"Umi, toka! Yule afisa wa mikoko yuko kule funguni!"

Kaa akamponyoka. Dume zima, kitoweo cha nyumba nzima, likarudi chini zaidi. Umi alijiosha tope, akaficha kapu lake kivulini, wakashika njia.

Hori hilo, nje kidogo ya Faza, ndilo lililowalea wanawe wanne tangu baba yao alipofariki. Sasa kampuni ya hoteli ilitaka kulifukia ijenge gati. Sheria haikukataa. Ilitoa sharti tu: kwa kila mkoko utakaozikwa, mitatu ipandwe pengine, na kikundi cha kina mama wa hapo kithibitishe kwamba imeshika. Kikithibitisha, tingatinga linashuka. Mwenyekiti wa kikundi alikuwa Umi, na wiki nzima hakuwa amelala vizuri.

Emily, binti wa bara aliyeletwa kusimamia fidia hiyo, alikuwa katikati ya fungu la mchanga, simu mkononi, buti safi. Pande zote vilisimama vijiti vikavu, safu kwa safu.

"Hamjambo kina mama. Nimehesabu elfu mbili mia tisa na kitu. Hiyo ni poa sana."

"Umehesabu nini, Bi Emily?"

"Si miche?"

"Miche gani? Hizi ni maiti!" Umi akakivunja kimoja, kikalia ka! "Siku ya kupanda nalikwambia. Mkoko wataka tope. Hapa ni mtanga mtupu, na mayi yakijaa hupiga kwa nguvu. Ukanambia ramani yasema hapa."

"Ramani sikuichora mimi, mama. Fomu inataka idadi tu."

"Basi saini sitii. Wallahi sitii! Andika imekufa yote."

Emily alitazama buti zake. Kisha akafungua faili, akatoa karatasi. "Saini mlishatia."

Ilikuwa karatasi ya mkutano wa mwezi uliopita. Siku ile waliandika majina mlangoni, ndipo kila mmoja akapewa soda na biskuti. Majina ishirini na sita, la Umi juu kabisa, kwa mwandiko wake mzuri. Juu ya majina palikuwa na mistari miwili ya Kiingereza ambayo hakuna aliyejisumbua kuisoma.

"Hapa inasema mmekagua miche na mmeridhika."

"Lo! Ile ilikuwa ya mahudhurio!" Hadil akapiga kelele. "Mlitwambia andikeni mupate soda!"

"Mimi niliikuta ofisini hivi. Poleni. Mashine zinakuja Jumatatu."

Umi akaisogelea karatasi, akalitazama jina lake. Kumbe hori wameliuza kwa soda, tena haikuwa hata baridi! Aliona aibu mbele ya Hadil, akaona aibu mbele ya wanawe ambao hawakuwapo. Mwenye nguvu mpishe, watu husema, naye alikuwa amempisha umri wake wote.

Akainama, akang'oa kijiti. Hakikuwa na mzizi hata mmoja. Akang'oa cha pili, na cha tatu; fomu ilitaka idadi, basi kisibaki hata kimoja cha kuhesabiwa.

"Mama, wacha! Kung'oa mkoko bila kibali ni makosa. Unaweza kushtakiwa, nakuambia ukweli."

"Kule mwafukia mikoko alfu mizima, hamshtakiwi. Mimi nishtakiwe kwa kuni?"

"Sheria ndiyo hiyo."

"Waite askari basi."

Hadil alijifunga leso kiunoni akaanza safu ya pili, huku machozi yanamtoka. Emily alisimama kidogo, kama mtu asiyejua aende wapi. Mwishowe akainua simu, akaanza kuwapiga picha za ushahidi.

Umi hakujifunika uso. Alinyooka, mikono imejaa vijiti.

"Tupige," akasema. "Ukimaliza, kalipige na lile hori, madhali lingali lipo."