Siku Nesrin Alipoongea Kituruki

Ijumaa ile king'amuzi chetu kilipanda basi la kwenda Miteja saa mbili asubuhi, kimeviringishwa kwenye kitenge, kikipelekwa kwa mama mkwe wa mjomba Idd ambaye alikuwa akikitamani siku nyingi. Niliyekifunga ni mimi. Nilitia na rimoti yake, nikapiga mafundo mawili, na moyo ulikuwa unaniruka kama wa mtoto usiku wa kuamkia Idi. Wazo lilikuwa langu, na mawazo yangu huwa hayafiki mbali hivyo.

Mjomba Idd ni mpishi kwenye kambi ya wafanyakazi kisiwani Songo Songo. Miaka mitatu yote ndiye aliyekuwa akilipia kifurushi cha mama yake, yaani bibi yangu Kidawa, ninayeishi naye hapa Kilwa Masoko. Mwezi uliopita alinipigia simu sauti ikiwa chini.

"Zuhura, watoto wawili wameingia sekondari kwa mkupuo. Hilo dishi silimudu tena. Sijui nimwambieje mama."

Mimi nikiongea na simu kawaida yangu ni "ndiyo mjomba" na "sawa mjomba". Siku ile nikausikia mdomo wangu unasema, "Tamthilia ya bibi ipo mtandaoni, mjomba. Bando la mwezi halifiki hata nusu ya unacholipa. Niachie mimi."

Niachie mimi! Nilipokata simu nikajiuliza nimeahidi nini.

Maana jambo lenyewe halikuwa dogo. Macho ya bibi yana mtoto wa jicho. Anaona mwanga na vivuli, basi. Sokoni haendi, shughulini haendi. Lakini kila siku ikishaswaliwa alasiri, wanawake wa mtaani huvua viatu mlangoni kwake, hukaa mkekani, na kwa saa nzima hufuatilia tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili. Sisi tunaiita Nesrin tu, kwa jina la binti anayeteswa na mama mkwe wake. Bibi hajawahi kumwona Nesrin uso. Anamjua kwa sauti, kama anavyotujua sisi.

Nilipomweleza habari ya kuhamia mtandaoni, alinigeuzia sikio. "Mke mwenzangu," akasema. Huniita hivyo kwa utani, kwa kuwa marehemu babu alikuwa akisema mimi ndiye mke wake mdogo. "Usidhani hao wanawake wanafuata kahawa yangu. Nesrin akiondoka, nitabaki nasikiliza kuku."

"Haondoki, bibi. Nimehakikisha."

Na kweli nilikuwa nimehakikisha, kwa namna yangu. Nilisomea ualimu wa Kiingereza, lakini kwenye mazoezi ya kufundisha wanafunzi wa kidato cha pili walikuwa wakinipigia kelele, "Mwalimu, hatusikii!" hadi machozi yakanilenga. Nilipomaliza chuo nikatafuta kazi isiyodai sauti. Sasa nachapa barua na kutoa kopi kwenye duka karibu na stendi. Huko dukani, simu ikiwa mapajani chini ya meza, niliifungua programu inayoonyesha tamthilia hiyo na kuzima sauti kabisa, bosi asije akasikia. Nikamwona Nesrin. Nikaona vipindi vyote vimepangwa, hadi cha mwisho. Nikaifunga simu upesi, huku natabasamu peke yangu mbele ya mashine ya kopi.

Sasa, Jumatano kifurushi cha mwisho kilikuwa kimekatika mahali pabaya kuliko pote. Nesrin yuko mahakamani, anashtakiwa kwamba ameiba hati ya nyumba ya marehemu mumewe. Mama mkwe ameitwa kutoa ushahidi. Hakimu anamuuliza, "Mara ya mwisho uliiona wapi hiyo hati?" Mama mkwe akafungua mdomo, tukaona majina ya waigizaji yanapanda.

Kwa siku mbili mtaa mzima haukuwa na habari nyingine.

Kwa hiyo Ijumaa walijaa. Zuwena, muuza vitumbua, alikuja na sahani nzima. Benadetha, aliyehamia kutoka vijiji vya bara na ambaye hupishanisha saa za kwaya yake kanisani kwa ajili ya Nesrin, alileta karanga. Wengine wakabanana mlangoni. Nikaunganisha simu na runinga kwa waya, na kioo chote kikawaka kwa uso wa Nesrin, safi, bila chenga hata moja.

"Lahaula!" Zuwena akaruka. "Nesrin ana kipele shavuni! Miaka yote hii sikukiona!"

"Na matangazo ya sabuni yako wapi?" akauliza Benadetha.

"Hakuna matangazo," nikasema.

Wakapiga makofi. Bibi akakaa sawa kwenye kiti chake cha ukindu, akavuta mtandio, akageuza sikio kwenye runinga. "Haya, tulieni. Mahakama imeanza."

Hakimu akafungua mdomo, na kikatoka Kituruki.

Nikabonyeza hapa, nikabonyeza pale, nikatafuta lugha. Zilikuwepo nyingi, Kiswahili hakikuwepo. Chini ya picha maandishi ya Kiingereza yalikuwa yakipita. Masikio yangu yakawaka moto. Kumbe kule dukani nilikuwa nimekagua picha tu!

"Hawa ni akina nani?" bibi akauliza. Aligeuza kichwa huku na huku kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. "Zuhura, watu wangu wamekwenda wapi?"

"Ndio hao hao, bibi. Ila..."

"Ila wamerudi kwao," akasema Zuwena. "Shoga, umetupeleka Uturuki bila pasipoti!"

Wakacheka, lakini mmoja wa pale mlangoni alianza kutafuta viatu vyake kwa mguu. Nilikiona kile kiguu kinavyopapasa. Bibi hakukiona, ila alisikia. Mikono yake ikakunjana mapajani.

Benadetha akanitazama. "Wewe si ulisomea Kiingereza chuoni?"

"Nilisomea."

"Na yale yaliyoandikwa pale chini si Kiingereza?"

"Ni Kiingereza."

"Sasa unangoja nini, mwanangu? Mwanamke yuko kizimbani!"

Nikasoma kwa sauti ya kunong'ona, "Hakimu anasema, ushahidi wako... uwe wa kweli..."

"Huyo hakimu ana homa?" bibi akauliza. "Simsikii."

"Mwalimu, hatusikii!" akaita Zuwena kwa mzaha, bila kujua anachokisema.

Nilikuwa tayari kuichomoa simu na kukimbilia uani. Lakini maandishi yalikuwa yananipita, Nesrin alikuwa analia, na bibi alikuwa ameinamisha sikio akingoja, si runinga tena, bali mimi. Nikagusa kioo cha simu. Picha ikasimama, mama mkwe kakodoa macho.

"Kimekwama?" wakauliza.

"Nimeisimamisha mimi. Inasimama ukitaka."

Ukapita mnong'ono. "Inasimama?" Zuwena akasogea. "Yaani mtu anaweza kwenda kugeuza vitumbua vyake na Nesrin akamngoja?"

"Anamngoja."

"Eh! Na ukitaka arudie?"

Nikarudisha nyuma. Mama mkwe akapanda tena kizimbani, kinyumenyume halafu mbele. Walishangilia kama ni goli. Yule wa mlangoni akakiacha kiatu. Na katika kelele ile, wakati hakuna aliyekuwa akinitazama, nilivuta pumzi na kusema kwa sauti nzito niliyoitoa sijui wapi:

"Mama, umeapa mbele ya mahakama hii! Ukisema uongo, jela haichagui mvi!"

Bibi akatabasamu. "Huyo sasa ndiye hakimu."

Basi nikaendelea. Nesrin nilimpa sauti nyembamba, ya kuomba, inayokatika mwishoni. Hiyo ilikuwa rahisi, ni yangu mwenyewe. Wakili nilimfanya aongee haraka kama kondakta. Nilichelewa mahali fulani wakasema "rudisha", nikarudisha. Neno moja la mambo ya sheria lilinishinda, nikasema tu "ile karatasi yenye mhuri", na hakuna aliyelalamika. Nilikuwa nimesimama kando ya runinga mikono ikienda yenyewe.

Kazi ikawa kwa mama mkwe. Mwanamke mkali, mwenye maneno ya kuchoma, anayejua kunyamaza hadi mtu aone aibu. Sauti hiyo nilikuwa nayo wapi? Kabla sijafikiri ikatoka: "Mimi? Mimi niulizwe na mtoto wa juzi? Kwetu tulifundishwa mgeni huanza kwa salamu, si kwa maswali!"

Zuwena akajitupa mkekani kwa kicheko. Benadetha akaziba mdomo kwa khanga. Ilikuwa sauti ya bibi Kidawa mtupu, na ule mvuto wake wa pumzi katikati.

"Mnachekea nini?" bibi akauliza. "Huyu mama mkwe ndiye mwenyewe. Yule wa zamani alikuwa mpole mno, hakuniingia kamwe."

"Kweli, bibi," Zuwena akasema akifuta machozi. "Huyu ana sura ya mtu tunayemjua."

Hakimu akauliza tena swali lile la Jumatano. Tulisogea wote. Mama mkwe akashika ukingo wa kizimba, midomo ikafunguka, na runinga nzima ikageuka nyeusi. Katikati yakatokea maandishi makubwa: MJOMBA IDD.

Mayowe yaliyopigwa nadhani yalifika gatini. "Idd! Idd kaingia mahakamani! Mtoeni!"

Nikapokea, nikaweka sauti ya nje. Mjomba alikuwa anaongea kwa wasiwasi. "Zuhura, vipi huko? Mama ameridhika? Maana nimekaa sina raha. Kama hapendi useme, nampigia mama mkwe Miteja, kesho king'amuzi kinarudi. Nitajibana tu."

Wote wakamtazama bibi. Na mimi nikamtazama. Dakika chache nyuma ningelitamani basi lile lirudi hata likiwa halina abiria. Sasa nilijikuta naomba moyoni asiseme ndiyo.

Bibi alinyosha mkono, nikampa simu na waya wake. "Idd."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Lile dude lako lilikuwa linaongea, lakini halikuwahi kunirudishia neno. Huku tumepata linalosikia. Kiache king'amuzi Miteja, wasomeshe wanao. Na ukipiga simu tena saa hizi nitakulaani."

"Mama, mbona..."

"Kuna mtu anajibu mahakamani!" Akaninyoshea simu. "Kata, mke mwenzangu. Rudisha nyuma kidogo."

Nikakata. Mama mkwe akarudi kizimbani. Dirishani kulikuwa na vichwa vitatu ambavyo havikuwepo mwanzo, na mmoja akasema, "Mwalimu, huku nje hatusikii!"

Nikakohoa. Nikapaza sauti mpaka kikombe cha kahawa kando ya runinga kikalia:

"Hati haikuibwa! Niliificha mimi, kwa mkono wangu huu!"

Sebule ililipuka. Zuwena alikuwa amesimama, karanga za Benadetha zilikuwa zimetapakaa mkekani, vichwa vya dirishani vinapigana vikumbo. Bibi peke yake ndiye aliyenyanyua mkono, akitaka nafasi.

"Isimamishe hapo hapo," akasema, huku anafunga mtandio vizuri. "Nina maneno naye huyu kwanza."