Muuguzi Aliyelisifu Begi

Basi lilikuwa limeshaanza kurudi kinyumenyume kutoka kituoni, kondakta amening'inia mlangoni akilipiga bodi makofi, wakati mdogo wangu wa kike alipotokea mbio upande wa dirisha langu, futi ya kupimia ikimrukaruka shingoni.

"Kaka! Lete hilo begi la zamani!"

"Lina nguo zangu!"

"Zimwage mapajani, bwana! Unaona haya ya nini na uzee huo?"

Nikazimwaga. Mama aliyeketi kando yangu alipokea suruali mbili na brashi zangu za rangi bila hata kuombwa. Mdogo wangu akapenyeza begi jipya dirishani, ncha ya uzi bado inaning'inia, akalivuta la zamani akabaki amelikumbatia kwenye moshi wa basi.

"Zipu usiivute kwa hasira!" akapiga kelele.

"Sawa, sawa," nikamjibu, nikafunga kioo kwa sababu ya vumbi. Nadhani alisema neno jingine. Sikulisikia.

Mimi ni fundi wa rangi. Nimepaka shule, zahanati, vituo vya mafuta, na nyumba za watu walioniahidi chai na wasinipe. Sijawahi kukaa mji mmoja miaka miwili. Shule niliisoma vipande vipande, darasa la pili huku, la nne kule, la tatu sikulipitia kabisa. Mdogo wangu yeye alikaa. Mama yetu alipopooza, yeye ndiye aliyemgeuza kitandani miaka tisa, mgongo ukimuuma, cherehani ikiwa pale pale chumbani ili kazi isisimame. Mimi nilikuwa natuma salamu. Nalisema hili mapema ili mtu asinionee huruma baadaye.

Mabegi yake aliyashona kwa turubai zito, mikanda ya ngozi, kila pembe mishono miwili. Kila niliporudi alininyang'anya begi nililokuja nalo, akaligeuza ndani nje, akaingiza vidole kwenye kila kona. "Hapa ulikuwa unalikalia," akasema. "Hapa kuna kitu kimemwagika, usinidanganye." Safari iliyofuata, pale palipochakaa palikuwa pamepata kiraka cha ngozi kwa ndani. Na mteja akija siku ambayo zipu nzuri zimemwishia, alimrudisha. "Njoo Jumatano. Hizi zilizopo hata mwanangu simwekei." Watu mtaani walimwita Mama Jumatano kwa sababu hiyo.

Safari ile niliyomwaga nguo mapajani, nilikuwa nimefika mji wa tatu ndipo mpwa wangu, binti yake, aliponipigia.

"Mjomba, mama atafunga karakana."

"Mabegi yameharibika?"

"Mabegi mazuri kuliko jana. Ila mtu haji tena kushika begi, Mjomba. Anafungua simu, anaangalia nyota ngapi, anasoma wenzake wamesema nini, ananunua hapo hapo akiwa kitandani. Nimefungua ukurasa, nimeweka picha thelathini. Maoni hakuna hata moja. Ukurasa bila maoni ni kama hoteli isiyo na mtu ndani, kila mmoja anachungulia anapita."

"Basi nitasema mimi," nikamwambia. "Nani analijua begi lile kunizidi?"

Nikaandika siku hiyo hiyo, kwa jina langu na sura yangu. Asubuhi maoni yangu hayapo.

"Nimeyafuta," mpwa wangu akaniambia. "Samahani Mjomba. Ndugu hasifii. Watu wakijua ni familia watasema tunajipigia debe."

"Lakini ni kweli!"

"Kweli ya ndugu haihesabiwi huko."

Neno hilo lilinikera siku nzima, niko juu ya ngazi napaka dari la nyumba ya wageni. Maana watu waliolisifu begi lile walikuwepo. Dereva wa lori alilinyanyua mgahawani akauliza limeshonwa wapi. Mwalimu mstaafu alilitazama kituoni akatikisa kichwa kwa kulipenda. Na pale pale kwenye ile nyumba ya wageni, wiki moja kabla, muuguzi mmoja aliyetoka zamu alikaa barazani, mguu umemvimba kwa kusimama, akaniomba auweke juu ya begi langu. Akapumua, akasema, "Begi hili lina adabu." Kisha akaja mtu wa kumchukua. Jina lake sikulijua.

Watu hao wapo, nikajiambia. Wamelipenda. Kilichobaki ni kuandika tu.

Nilikuwa na laini sita za simu, maana kila mji nilinunua ya huko. Mama mmoja wa duka la simu akanifungulia akaunti kwa kila laini, akacheka. "Babu, wewe ni mtu mmoja au kijiji?" Nikamwandikia dereva maneno yake, mwalimu maneno yake, muuza vitambaa, mpishi, bibi harusi. Kila mmoja nyota tano. Muuguzi nikamwandika mwisho, na huyo nikamwandika marefu.

Maagizo yakaanza kuja. Mpwa wangu akanipigia akilia kwa furaha. Mdogo wangu akachukua mashine ya pili, akamwajiri mama jirani kukata ngozi. Nikajiona mtu. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa nimebeba kitu cha nyumba ile.

Ila mdogo wangu hakupenda maagizo tu. Aliwapenda wale watu. Binti yake alimsomea maoni wakati anashona, na yeye akawa anajibu. Muuguzi ndiye aliyemshika. "Mwanangu, mguu wako unaendeleaje?" alimwambia bintiye aandike. Ningefanyaje? Nikajibu, unaendelea vizuri, mama. Akauliza tena. Nikajibu tena. Ikawa kila Jumapili. Nilikaa kitandani kwenye chumba cha kupanga, miwani puani, nikiandika kwa kidole kimoja kwamba nikichoka kazini nalala kichwa juu ya begi na kumfikiria aliyelishona. Kwamba mtu anayeshona pembe namna ile lazima alilea mgonjwa. Kwamba mikono yake ibarikiwe.

Akamshonea muuguzi kimto cha kuegeshea mguu, cha turubai, ndani sponji. Akaomba anwani. Nikamwambia nimehamishwa kituo, nitamjulisha. Kimto kikawekwa rafuni.

Mwanamke mmoja, wafuasi wake wanamwita Dada Kagua, kazi yake ni kununua vitu na kusema mbele ya simu vikoje. Alinunua begi kwa sababu ya maneno ya muuguzi. Hakuwa mbaya, nataka ijulikane. Alilipenda. Akataka kuzungumza na muuguzi mwenyewe kwenye video yake, na muuguzi hakupokea simu. Akamtafuta dereva. Akamtafuta mwalimu. Ndipo akakaa akasoma maoni yote polepole.

Mimi maneno yangu ni machache. Nikikipenda kitu nakisifu kwa namna moja tu. Dereva aliandika, "Nimelilalia, nimelikalia, halijanung'unika." Mwalimu naye, "nimelikalia, nimelilalia, halijanung'unika." Bibi harusi naye, eti amelilalia, halijanung'unika. Dada Kagua aliyapigia mstari mwekundu yote sita, akaliinua begi mbele ya kamera. "Begi ni zuri," akasema. "Lakini mbona wanaolisifu ni mtu mmoja? Mtu mwenye begi zuri anahitaji uongo wa nini?"

Kufikia jioni ile maelfu ya watu walikuwa wameiona video hiyo.

Nilirudi nyumbani, safari ya siku mbili. Niliingia karakana mteja mmoja akiwa ndani, mwanamume wa makamo aliyevaa vizuri, begi mezani mbele yake. Mdogo wangu alikuwa amelifungua analikagua kwa vidole.

"Lina kasoro gani, baba?"

"Halina."

"Zipu?"

"Zipu safi."

"Umelitumia muda gani?"

"Miezi minne. Nimeenda nalo kila mahali." Akatazama pembeni. "Mama, usinielewe vibaya. Nililinunua kwa sababu ya watu, na watu wenyewe hawapo. Sasa kila nikilibeba najiona nimechezewa. Lichukue tu, sitaki kurudishiwa chochote."

"Lakini linakubeba vizuri?"

"Linanibeba vizuri," akasema, akatoka.

Kando ya mlango kulikuwa na mengine kumi na moja, mazima yote. Mama jirani wa kukata ngozi alikuwa hayupo. Mpwa wangu alikaa sakafuni na simu, macho mekundu, akifuta maagizo yaliyoghairiwa.

"Wanasema mama ni tapeli," akasema bila kuniangalia. "Mama! Anayerudisha watu kwa ajili ya zipu!"

Mdogo wangu akanitazama begani. Begi lake lilikuwa pale. Hakuja kulichukua alikague.

"Nimelilalia, nimelikalia," akasema taratibu. "Nilipomsikia yule dada akiyasoma, nikasema hiyo sauti naijua. Marehemu baba alikuwa anasifia godoro hivyo hivyo."

"Mdogo wangu..."

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Wote sita?"

"Wote."

"Mjomba!" Mpwa wangu akasimama. "Mjomba, mimi nilikufutia! Nilikwambia!"

"Ulinifutia ya kweli," nikasema, na hata kabla sijamaliza nilijua halikuwa jibu.

"Nyamaza wewe, mwache," mdogo wangu akamwambia bintiye. Akaninyooshea kidole, si kwa hasira, kama anayetafuta mshono ulioachia. "Na muuguzi?"

"Yupo. Nilimwona mara moja. Aliweka mguu juu ya begi."

"Mguu wake ulipona?"

"Sijui."

"Mimi nilikuwa namwombea."

Nikalishusha begi begani, nikaliweka sakafuni.

"Yale ya kwamba akichoka ananifikiria?"

"Yangu."

"Ya kwamba nimelea mgonjwa?"

"Yangu."

"Ya kwamba mikono yangu ibarikiwe. Hayo nilimwambia mtoto anisomee mara tatu. Yalikuwa ya nani?"

"Yangu, mdogo wangu. Na ni kweli yote. Naapa, kila neno ni kweli."

Akakaa kwenye kiti cha cherehani. Alikaa upande, kama mgeni.

"Miaka arobaini nakushonea," akasema. "Nakupa kila safari. Unasema 'sawa, sawa' unaondoka. Hujawahi kuniambia begi ni zuri. Siku moja nilikukimbilia mpaka kituoni, nikakuuliza dirishani, je hili la sasa umelipenda? Ukafunga kioo. Nikasema labda hajasikia. Kumbe maneno ulikuwa nayo, Kaka. Ulikuwa nayo yote hayo. Ukaenda kumpa mtu nisiyemjua anipe."

Nilitaka kusema niliona haya. Nilitaka kusema kwamba mtu aliyekuacha na mama mgonjwa miaka tisa hana mdomo wa kukusifu usoni, na kwamba kwa mdomo wa muuguzi ilikuwa rahisi. Nikasema, "Nitayarekebisha."

"Usiguse kitu," mpwa wangu akasema.

Nikagusa. Kesho yake niliketi mbele ya simu, nikasema mimi ni kaka yake, niliyaandika mimi, yeye hakujua, na begi ni zuri kweli. Video hiyo ndiyo iliyoenea kuliko zote. "Sasa wamemleta na babu," watu waliandika. "Babu kalipwa ngapi?" Wengine walitengeneza nyimbo. Kila mtu aliyekuwa akinunua kitu chochote akaandika chini yake kwamba amelilalia, amelikalia. Mpwa wangu alifunga ukurasa. Haikusaidia. Ukiandika jina la karakana, iliyotokea kwanza ni sura yangu.

Mdogo wangu alijaribu miezi mitatu. Alisimama mlangoni na mabegi mkononi, kama zamani, akiwaambia wapita njia washike. Walishika. Wakasema ni mazuri. Kisha wakatoa simu wakaangalia, na nikaona uso unavyobadilika, mmoja baada ya mwingine, mkono ukiachia mkanda.

Siku ya mwisho nilimkuta anafumua kile kimto cha rafuni, apate turubai la kiraka. Nilimwambia pale, kwa mdomo wangu, kwamba hakuna fundi nimemwona popote anayeshona kama yeye. Niliyasema vizuri, nadhani.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Asante," akasema. Akaendelea kufumua. "Ila sasa siwezi kujua, Kaka. Ukisema, nawasikia wale sita."

Cherehani zote mbili ziliuzwa kwa shule ya ufundi. Karakana sasa ni duka la vioo. Mdogo wangu anashona sare kwenye kiwanda kilichoko nje ya mji, mikono ya mashati tu, na anaishi kwa binti yake. Ana afya isipokuwa macho. Binti yake aliolewa na fundi wa mabomba, wana mtoto mmoja, na kusimamia kurasa za watu wengine mtandaoni ndiyo kazi yake; wa kwake hana. Hunipigia sikukuu. Dada Kagua alikuja mara moja kuomba radhi, akapewa kiti na maji, wakazungumza vizuri. Sasa anakagua majiko. Yule mwanamume wa makamo hakurudi. Mabegi kumi na mawili yaliyorudishwa yaligawiwa kwa vibarua wa kiwanda. Muuguzi sijui aliko. Mimi miguu imekataa safari. Nalinda maegesho ya magari, zamu ya mchana, kuanzia saa moja hadi saa kumi na mbili.