Sauti Nene ya Afande

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na Swaib alikuwa amesifiwa kupita kiasi. Kwenye ubao wa mlangoni pa banda la video, mjini Koboko, alichorwa ameshika maikrofoni, na chini yake maandishi: Mfalme wa Tafsiri. Jina la Harriet halikuwepo hata kwa herufi za sisimizi. Na Swaib huyohuyo, tusifichane, Kiingereza alichoweza kusoma hakikuzidi jina la soda.

Msomaji alikuwa Harriet, binti wa mtaa wa Mvara kule Arua, aliyekulia jirani na shule za misheni. Jumapili kumi na moja alikuja Koboko baada ya ibada, akaketi juu ya kreti nyuma ya Swaib, akasoma Kiingereza kilichoandikwa chini ya picha na kumnong'oneza kwa Kiswahili. Swaib alinguruma kwenye maikrofoni, na watu wakampigia makofi yeye. Katuni yenyewe ilikuwa ya Kijapani, ya Kapteni Tomizora wa manowari ya angani, ambaye hakuwahi kuvua kofia yake ya chuma inayofunika uso mzima. Koboko ilimwita Afande. Swaib alikuwa ameahidi kwamba sehemu ya kumi na mbili, ya mwisho, Harriet atashika maikrofoni amsemee Afande mwenyewe. Ahadi hiyo ndiyo iliyokuwa ikimleta.

Jumapili ya kumi na mbili, aliposhuka stendi, aliwasikia vijana wa bodaboda wakibishana Afande ataoa nani. Harriet alisimama ghafla. Ataoa? Afande ni mwanamke! Kiingereza kilisema hivyo tangu siku ya kwanza. Kumbe kosa lilikuwa kwenye kineno chake mwenyewe. Kila mara alinong'ona "yeye", na "yeye" ya Kiswahili haivai sketi wala suruali. Swaib akaivika sauti nene, ileile aliyowapa wahusika wote, na Afande akaota ndevu.

Alimkuta Swaib akifunga nyaya za spika, akamweleza yote. "Leo anavua kofia, sehemu ya kumi na moja ilionyesha mwishoni. Watu wataona. Wewe nipa mimi maikrofoni, nitasema mambo sawa."

Swaib hakugeuka hata kumtazama. "Mutu ya Koboko hapana taka afande mwanamke. Mimi nitasema afande amekufa. Huyu iko bibi yake."

"Bibi yake? Na ile ahadi?"

"Sauti yako iko kidogo, Harriet. Kaa pale kwa kreti, soma."

Shukrani ya punda ni mateke, lakini mateke haya Harriet aliyasikia mpaka kwenye meno. Huyu mwanamke aliyeongoza manowari kupita moto wa sehemu kumi na moja, leo anageuzwa mjane kwa sababu mwanamume mmoja anaogopa kuonekana amekosea! Alikuwa na hasira hata machozi yakakataa kutoka. Alikaa kwenye kreti.

Banda lilijaa. Kwenye picha, meli nne za wenzake Afande zilikuwa zimezingirwa na adui, na wakubwa wakaamuru waachwe. Afande alivua kofia. Nywele zilizosukwa zilianguka mabegani, na banda zima likashtuka. Swaib alirukia maikrofoni: "Afande amekufa! Mimi bibi yake! Mimi iko nalia bwana yangu!"

Pale kwenye picha, mjane huyo alipiga ngumi mezani, manowari ikageuka, na mizinga yote ikafyatuka pamoja.

Helen, mama wa Sudan Kusini anayeuza chai mlangoni, alisimama katikati ya watu. "Swaib! Huyu mama iko nalia, ao iko nachapa mutu?"

Banda liliangua kicheko. Swaib, jasho likimtiririka, alimsukuma Harriet kwa kiwiko. "Soma! Anasema nini?"

Harriet aliyaona maneno wazi. Alifumba mdomo. Maneno yakapita, mengine yakaja, nayo yakapita. Swaib akabaki anaguna tu, na miluzi ikaanza huko nyuma. "Soma mwenyewe," Harriet alimwambia. "Wewe iko mfalme."

Kisha akanyoosha mkono, akaichukua maikrofoni, na Swaib hakuwa na nguvu ya kumzuia. Sauti yake kweli ilikuwa ndogo. Watu walinyamaza ili waisikie.

"Anasema: hakuna mutu wangu ataachwa. Geuza meli." Kisha akawageukia watu. "Afande hapana kufa. Afande iko mwanamke toka siku ya kwanza. Mimi ndiye nilikuwa nasoma."

"Na ile sauti nene?" aliuliza mtu gizani.

"Ilikuwa ya Swaib. Maneno yalikuwa yangu."

Helen alivuta benchi lake mbele kabisa, hadi karibu na kreti.

"Basi rudisha mwanzo, mpaka ile sehemu ya kwanza," alisema. "Afande, sisi hapana sikia yeye bado."