Ngazi Hamsini na Mbili

Chumba cha majalada kilikuwa chini kabisa ya hospitali, na mwanamke aliyekitunza aliitwa Bi Vumbi. Hakuchukia. Ukikaa miaka kumi na tisa na karatasi za wagonjwa, una bahati kama hilo ndilo jina pekee utakalopewa.

Mwaka ule Daktari, mtafiti mpole aliyekuwa akisahau miwani kila alipokwenda, alimletea kazi. Alitaka majalada ya watu wote waliopata kiharusi katika miaka kumi na miwili, elfu mbili na mia tatu kwa jumla, yaingizwe kwenye kompyuta. Baadhi yao, baada ya kutoka wodini, walitibiwa kwa zile sindano nyembamba zisizo na dawa ndani, akupancha, na wengine hawakutibiwa hivyo. Daktari hakukusudia kumchoma mtu wala kumzuia mtu. Alitaka kutazama nyuma tu: nani alipigwa na kiharusi cha pili, nani alifariki, nani yuko hai anagombana na jirani zake.

Aliyechoma sindano hizo alikuwa muuguzi mstaafu, Mama Sindano, katika chumba cha juu kabisa cha jengo la zamani lisilo na lifti. Wenzake walimtania kwamba mpanda ngazi hushuka. Naye aliwajibu kwamba yeye amepanda, na bado hajaona cha kumshusha.

Bi Vumbi hakumwambia Daktari kwamba jalada moja lilikuwa la mama yake mzazi. Mama hakuchomwa. Mdogo wake Bi Vumbi ndiye aliyesema apelekwe kwa Mama Sindano. Bi Vumbi, ambaye kwa kufanya kazi hospitali alijiona nusu daktari, akasema mazoezi ya viungo yanatosha. Miezi saba baadaye kikaja kiharusi cha pili, na mama akaenda. Huu ulikuwa mwaka wa tatu, na ndugu hao wawili walikuwa wakizungumza kwa adabu tu, mambo ya hali ya hewa na ada za watoto. Mdogo hakuwahi kusema "nilikuambia". Bi Vumbi angependa aseme, yaishe.

Hesabu zikatoka siku ya Jumatano. Kati ya kila watu mia waliochomwa sindano, kumi na mmoja walipata kiharusi tena au walifariki ndani ya miaka mitano. Kwa wasiochomwa, walikuwa kumi na tisa. Daktari alikuwa akitabasamu mpaka miwani ikapanda usoni. Bi Vumbi alisema hongera, akarudi chini, akakaa juu ya boksi. Aliumia, tena sana. Kumi na tisa kutoa kumi na mmoja ni wanane, na mama yake, aliona, alikuwa mmoja wa wale wanane.

Jioni alipiga moyo konde akamweleza mdogo wake kwa simu.

"Kumbe," alisema mdogo wake. Kisha akasema ana chungu jikoni.

Kesho yake Bi Vumbi alianza kurudisha rafuni kadi za wagonjwa wa Mama Sindano. Chini ya kila kadi, mwanamke yule alikuwa ameandika sentensi moja kwa mwandiko wake wa kulala. Kapanda mwenyewe. Kapanda, kapumzika mara mbili. Kapanda na mkongojo, kafika anacheka. Fomu ya Daktari haikuwa na nafasi ya sentensi hiyo, kwa hiyo Bi Vumbi aliiruka mara ya kwanza, akaendelea kuiruka kadi mia tisa nzima bila kuisoma. Sasa aliisoma. Alitafuta kadi moja tu iliyosema mgonjwa kabebwa. Alitafuta mpaka saa ya chakula ikapita, asiipate.

Akaenda kwa Daktari na kadi tano mkononi.

"Dokta, hawa wote walipanda kwa miguu yao."

"Ndiyo, na?"

"Na yule asiyeweza kusimama tumemweka upande ule mwingine, tukamshindanisha nao."

Daktari alivua miwani. Kisha akaomba, kwa heshima sana, kama Bi Vumbi angeweza kumtafutia kwenye majalada ya mazoezi ya viungo ni nani, siku ya kutoka wodini, aliweza kupanda ngazi. Ilichukua wiki sita. Safari hii walioweza kupanda wakalinganishwa na walioweza kupanda: kumi na mmoja kwa waliochomwa, kumi na wawili kwa wasiochomwa.

"Kwa hiyo sindano hazisaidii?" aliuliza Bi Vumbi.

"Sijasema hivyo. Huenda zinasaidia kidogo, huenda hazisaidii. Majalada haya hayawezi kuniambia." Akakuna kichwa. "Na kuhusu wasioweza kupanda hayajui kitu kabisa, maana hakuna hata mmoja aliyechomwa."

Jumamosi Bi Vumbi alimwita mdogo wake hospitali. Hakumweleza kitu, alimpeleka jengo la zamani wakaanza kupanda ngazi. Mdogo wake alihesabu kwa sauti. Kwenye ya thelathini akashika ukuta. Kwenye ya hamsini na mbili alikuwa anahema, na Mama Sindano, aliyewasikia tangu chini, alikuwa amefungua mlango.

Bi Vumbi akawasimulia wote wawili pale mlangoni: kadi, hesabu, mama.

"Niliandika kila siku," alisema Mama Sindano. "Nilijua iko siku mtu atasoma."

"Mama asingefika hapa na mguu wake uliopooza, dada," alisema mdogo wake taratibu. "Hata angetaka."

Bi Vumbi alihisi mabega yake yanashuka, kwa mara ya kwanza tangu msiba.

"Asingefika," alikubali Mama Sindano. "Lakini mngeniita, ningeshuka. Sindano zenyewe zinaenea mfukoni. Sijui kama zingemfaa. Ila miaka yote hii hakuna aliyeniita."

Bi Vumbi alitazama sakafu, akisubiri alichokuwa akikisubiri tangu mazishi.

Mdogo wake alikaa kwenye benchi la wagonjwa, akasogea kumwachia nafasi.

"Hata mimi sikumwita," alisema. "Kaa, dada."