Chai ya Kukausha Maziwa

Mama yangu, Gjela, hakuwa mchawi, ingawa nimewahi kumwita hivyo mbele ya uso wake. Alikuwa mwanamke aliyezika mume na watoto, na vuli ile akamzika kaka yangu Pashko, aliyepigwa risasi na Ndok wa ng'ambo ya korongo kwa ajili ya kisasi cha zamani ambacho hakuna aliyekumbuka kilianzaje. Nyumba ikabaki na wanawake: Mama, mimi, na Drande, mjane wa Pashko. Mwanamume alikuwa mmoja tu, Leka wa Drande, ambaye bado alikuwa ananyonya. Kijiji kizima kilijua analelewa kwa kazi gani. Atakua, atashika bunduki ya baba yake, atavuka korongo.

Januari Leka akashikwa na homa ya mapafu. Theluji ilikuwa imefunga njia ya kwenda mjini kwa daktari. Akaacha kunyonya. Drande alikaa naye mapajani mchana kutwa, akijikamua na kumdondoshea matone mdomoni, na matone yakatiririka shavuni bila kumezwa.

Sisi watu wa milimani tunaishi kwa sherebela, yale majani ya kijivu yenye vinyweleo yanayoota kwenye mawe. Tunayatia kwenye nyama ya kondoo na kwenye maharage. Ukikohoa unapewa chai yake, fizi zikiuma unasukutua, tumbo likivuruga unakunywa. Kwa hiyo nilipomwona Mama akimpelekea Drande kikombe sikujali, maana koo lilikuwa limemkauka kwa kulia. Lakini siku moja nilitoka zizini nikaingia jikoni, nikakuta chungu kinachemka kimeshindiliwa majani mpaka juu. Chai ya kikohozi haihitaji zaidi ya majani machache. Ile nzito ina kazi moja, na hakuna mwanamke wa kwetu asiyeijua. Hupewa mama aliyefiwa na mtoto mchanga, ili maziwa yakauke.

“Mama, hiyo ya nani?”

“Unajua ni ya nani. Funga mlango, baridi inaingia.”

“Mtoto bado anapumua.”

“Hata wa dada yangu alikuwa anapumua. Tukasubiri. Mtoto akafa, maziwa yakaganda, titi likaoza likapasuka, na dada yangu akamfuata mwanawe. Nilimwosha mimi. Wewe hujazaa, Dava, usinifundishe.”

“Na Drande umemwambia?”

“Nimwambie nini? Wa kule ziwani yule, anajua samaki tu. Nimemwambia ni ya koo.”

“Tangu lini?”

“Tangu Jumapili.”

Nilikipiga chungu teke, chai ikasambaa sakafuni. “Mchawi wewe,” nikamwambia. Alichukua tambara, akapiga magoti na kuanza kufuta. Nilimchukia, na papo hapo nikamwonea huruma, nami sikujua la kufanya kati ya hayo mawili. Alikuwa ameshakata tamaa ya mtoto, akataka walau mama yake abaki.

Asubuhi yake Leka akatokwa na jasho na homa ikashuka. Akafumbua macho, akaanza kutafuta titi. Drande akacheka, mara ya kwanza tangu msiba wa Pashko, akamweka kifuani. Leka akavuta kwa nguvu. Akavuta tena, akaachia, akalia. Drande akamhamishia titi la pili, na mambo yakawa yaleyale.

“Wifi,” akaniita, “mbona hayashuki?”

Nilifungua kinywa, ila Mama aliyekuwa mlangoni alinitangulia.

“Nimeyakausha mimi, mwanangu. Ile chai. Nilidhani tunamzika.”

Drande alimtazama. Angemtukana ingekuwa nafuu kwetu sote. Alimnyooshea mtoto tu na kusema, “Basi mnyonyeshe wewe.”

Mbuzi wetu walikuwa na mimba, chuchu zimekauka kama ilivyo kila majira ya baridi. Uji mwepesi wa mahindi Leka aliutapika wote. Kufikia alasiri hakuwa na sauti ya kulia, alikuwa anafungua mdomo tu. Na kijiji kizima mwenye kunyonyesha alikuwa mmoja, Mrika, mke wa Ndok.

Kwetu kisasi hakimgusi mwanamke, kwa hiyo njia ilikuwa wazi. Drande alimfunga mwanawe ndani ya koti, akatoka bila kumuaga mtu. Nikamfuata, na Mama akaja nyuma yetu bila kuitwa, theluji ikitufika magotini. Ndok alipotuona tunapanda kwenye ua wake, aligeuka akaingia zizini na kujifungia. Haya alikuwa nayo, hilo namkubalia.

Mrika alikuwa kando ya moto na mwanawe begani. Alimtazama Leka, uso ukambadilika, lakini aliyemsemesha ni Mama.

“Mama Gjela, karibuni. Kabla sijampokea, tuelewane. Akinyonya hapa anakuwa ndugu wa kunyonya na wanangu, na Ndok anakuwa baba yake. Leka hatamnyooshea Ndok bunduki milele. Sheria unaijua kuliko mimi.”

“Naijua.”

“Basi tamka mwenyewe. Sitaki kesho mseme niliwaibia mtoto.”

Drande akamgeukia Mama. “Sema.”

Kofia ya Ndok ilikuwa juu ya kiti, na Mama akaikodolea macho kana kwamba mwenyewe yumo ndani yake. Najua alikuwa anamwona Pashko, jinsi alivyoletwa juu ya mlango uliong'olewa, jinsi yeye mwenyewe alivyomwapia marehemu sikioni kwamba damu yake haitapotea bure. Nilitaka kumshika nimtikise. Mtoto anakufa, mama yangu anafikiria maiti. Leka akafungua mdomo, na safari hii hata pumzi haikusikika.

“Mpe,” akasema Mama.

Mrika akamchukua. Leka alihangaika kidogo, kisha akakamata titi, na chumba kizima kikasikia anavyomeza. Drande alianguka akalaza kichwa kwenye goti la mwanamke yule, akalia mpaka pumzi ikamkwama. Mama aligeukia ukuta. Akaziba masikio kwa viganja vyote viwili, akabaki hivyo mpaka mtoto aliposhiba.